Kibano cha Mwanga kwa Chembe za Semikondakta: Mwongozo Kamili wa Kunasa Chembe Moja, Kuipima na Kuchunguza Mng'ao Wake

Chupa moja ya kimiminika chenye chembe za semikondakta, yaani nyenzo kama silikoni zinazopitisha umeme kwa kiasi, hubeba mabilioni ya chembe ambazo, ingawa zilitengenezwa siku moja na kwa njia moja, hazilingani. Ukipima mng'ao wa chupa nzima unapata wastani, na huenda wastani huo usiwe sifa ya chembe hata moja iliyomo. Wengi hukwepa tatizo hili kwa kuzikausha chembe juu ya kioo na kuzitazama mojamoja, lakini chaji na uchafu wa uso wa kioo huingilia mng'ao uleule unaotaka kuupima. Kibano cha mwanga kinatoa njia ya tatu: chembe moja inashikwa ikiwa bado ndani ya kimiminika, mbali na uso wowote, kwa muda wa kutosha kuipima, kubadilisha hali yake, na kuipima tena.

Arthur Ashkin, akiwa katika maabara za Bell nchini Marekani, alionyesha mwaka 1970 kwamba miale miwili ya leza inayokabiliana inaweza kushikilia vijipira vidogo ndani ya maji. Mwaka 1986 yeye na wenzake walinasa chembe za ukubwa wa kuanzia nanometa 25 hadi mikrometa 10 kwa mwale mmoja tu uliobanwa vikali na lenzi, na kazi hiyo ndiyo iliyompatia nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2018. Semikondakta zilifuata baadaye. Mwaka 2006 watafiti wa Berkeley walieleza jinsi walivyonasa nanowaya, yaani nyuzi nyembamba mno za semikondakta, ndani ya maji na kuziunganisha, na mwaka 2008 kundi la Taasisi ya Niels Bohr mjini Copenhagen likafaulu kushika nukta kwanta, yaani vijichembe vya semikondakta vya nanometa chache tu, mojamoja.

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye hadubini nzuri, anayeijua leza kiasi, na anayetaka kufika hadi kwenye kipimo anachoweza kukitetea. Nitasisitiza jambo moja kuliko mengine: mwanga unaoishika chembe ya semikondakta una uwezo pia wa kuibadilisha, na kazi kubwa ya mtafiti ni kujua imebadilika kiasi gani.

Elewa kani mbili kabla ya kununua chochote

Mwanga uliokusanywa mahali padogo huishughulikia chembe kwa kani mbili. Ya kwanza ni kani ya kuvuta, inayoielekeza chembe pale mwanga ulipo mkali zaidi, yaani kwenye kitovu cha mwale. Ya pili ni kani ya kusukuma, inayotokana na mwanga unaotawanywa au kufyonzwa, nayo huisukuma chembe kufuata mwelekeo wa mwale. Kibano hufanya kazi pale tu ambapo mvuto unaushinda msukumo, na shimo la nishati linalotokana na mvuto huo likawa na kina cha takriban mara kumi ya nishati ya joto, ambayo katika halijoto ya chumba ni kama pikonyutoni-nanometa 4.1. Shimo likiwa fupi kuliko hapo, mtikisiko wa molekuli za maji utaitoa chembe nje ndani ya muda mfupi.

Kwa chembe ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la mwanga, kani ya kuvuta hufuata ujazo wa chembe, ilhali msukumo wa kutawanya hufuata mraba wa ujazo huo. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, mvuto unapungua mara 8 na msukumo mara 64. Hapa ndipo semikondakta zinapotofautiana na vijipira vya plastiki ambavyo karibu kila mwongozo hutumia kama mfano. Uwezo wa silikoni wa kupinda mwanga ni takriban 3.5, wakati wa polistirini ni karibu 1.57 na wa maji ni 1.33. Ukifanya hesabu ya chembe mbili za ukubwa mmoja ndani ya maji, ile ya silikoni inavutwa kwa nguvu inayokaribia mara sita ya ile ya plastiki, lakini inasukumwa zaidi ya mara thelathini. Kwa hiyo chembe ya silikoni ya nanometa 60 inaweza kunasika vizuri, na ile ya nanometa 300 ikarushwa mbele kama jani kwenye mkondo, kwa leza ileile na lenzi ileile. Mtu asiyeijua hesabu hii huongeza nguvu ya leza kila chembe inapokimbia, na hapati faida yoyote, kwa kuwa mvuto na msukumo vyote huongezeka kwa kiwango kimoja.

Hatua ya 1: Chagua rangi ya leza kwa kulinganisha na pengo la nishati

Kila semikondakta ina pengo la nishati, yaani kiasi cha chini cha nishati kinachohitajika kuiamsha elektroni iliyomo. Fotoni, yaani punje moja ya mwanga, yenye nishati kubwa kuliko pengo hilo hufyonzwa, na yenye nishati ndogo hupita. Kanuni ya haraka ni kugawa 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanometa, nawe utapata nishati ya fotoni katika elektronivolti. Leza ya nanometa 1064, ambayo ndiyo ya kawaida katika vibano vya mwanga, ina fotoni za elektronivolti 1.17. Pengo la galiamu aseniaidi ni 1.42, la kadimiamu selenaidi ni takriban 1.74, la kadimiamu salfaidi 2.42 na la galiamu nitraidi 3.4, hivyo zote huupitisha mwanga wa leza hiyo bila kuufyonza. Silikoni ina pengo la 1.12, chini kidogo ya nishati ya fotoni, kwa hiyo hufyonza mwanga huo, ingawa kwa udhaifu.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kukimbilia mawimbi marefu zaidi, kwa mfano nanometa 1550, ambako hata silikoni haifyonzi. Siwashauri wanaoanza kufanya hivyo. Maji yenyewe hufyonza mwanga wa nanometa 1550 makumi ya mara zaidi ya ule wa 1064, na badala ya kuipasha chembe joto utakuwa unapasha maji yanayoizunguka. Kwa semikondakta nyingi, 1064 ni mapatano mazuri kati ya chembe na maji. Kwa zile zenye pengo pana, leza ya kati ya nanometa 780 na 850 ni bora zaidi kwa upande wa joto, kwa sababu huko maji hufyonza mwanga kwa uchache kuliko kwenye 1064 na kitovu cha mwale huwa kidogo zaidi pia.

Kuna mtego mwingine usioonekana katika hesabu hiyo rahisi. Kwenye kitovu cha mwale mwanga ni mkali kiasi kwamba chembe inaweza kufyonza fotoni mbili kwa pamoja. Fotoni mbili za nanometa 1064 zina jumla ya elektronivolti 2.33, nishati inayotosha kabisa kuiamsha nukta kwanta inayong'aa rangi nyekundu. Mwaka 2010 kundi lile la Copenhagen lilionyesha kwamba leza iliyoishika nukta ndiyo hiyohiyo iliyoifanya ing'ae. Hilo linaweza kuwa msaada, kwa maana huhitaji leza ya pili, au likawa kasoro, ikiwa ulidhani mng'ao wote unatokana na leza yako ya kuamsha, ile ya pili inayowekwa ili chembe ing'ae. Amua mapema ni lipi kati ya hayo mawili unalolitaka.

Hatua ya 2: Panga njia ya mwale, na usalama uwe wa kwanza

Mwanga wa nanometa 1064 hauonekani kwa jicho, lakini lenzi ya jicho huukusanya kwenye retina kama mwanga mwingine wowote. Jicho halipepesi kwa kile lisichokiona. Leza yenye nguvu inayozidi miliwati 500 iko katika daraja la 4, ambamo hata mwanga ulioakisiwa na pete ya kidoleni unaweza kuleta upofu. Vaa miwani iliyothibitishwa kwa urefu wa wimbi unaotumia, vua saa na pete, weka mwale chini ya usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na uufuatilie kwa kadi maalumu inayong'aa inapoguswa na mwanga usioonekana. Panga kila kitu kwa nguvu ya chini kabisa. Kipande cha macho cha hadubini kizibwe kabisa. Tazama kwa kamera tu.

Mwale utoke kwenye leza ukiwa na umbo safi la duara, upite kwenye kifaa kinachozuia mwanga uliorudi usiingie tena ndani ya leza, kisha upite kwenye lenzi mbili zinazoupanua. Upanuzi huo ni wa lazima: mwale unapaswa kujaza mlango wa nyuma wa lenzi kuu ya hadubini na kuzidi kidogo, kwa sababu ni miale ya pembeni, ile inayoingia kwa pembe kali, ndiyo inayoivuta chembe nyuma dhidi ya msukumo. Mwale mwembamba unaopita katikati ya lenzi utasukuma tu.

Lenzi kuu ndiyo moyo wa chombo, na hapa pesa isibanwe. Tafuta yenye namba ya uwazi, ile inayoandikwa NA ubavuni mwake, ya 1.2 au zaidi. Lenzi ya mafuta ya 1.3 au 1.4 hubana mwanga vizuri zaidi ikiwa karibu na kioo, lakini tofauti ya upindaji kati ya mafuta na maji huharibu kitovu kadiri unavyoingia ndani, na baada ya mikrometa kumi na kitu kibano hudhoofika waziwazi. Lenzi ya maji ya 1.2 haina shida hiyo. Kwa uchunguzi wa mng'ao, ambapo tunataka chembe iwe mbali na kioo, mimi huchagua ya maji.

Kabla ya lenzi kuu weka kioo kinachoakisi mwanga wa leza ya kunasa na kupitisha mwanga unaoonekana, ili kamera na spektrometa, kifaa kinachochanganua rangi za mwanga, vipate njia yao. Upande wa pili wa sampuli weka lenzi ya kukusanya mwanga uliopita, na nyuma yake kihisio chenye robo nne. Chembe ikisogea hata nanometa moja, mwanga unaokifikia kihisio hicho hubadilika, na huo ndio utakaokuwa mkanda wako wa kupimia.

Hatua ya 3: Andaa sampuli kwa subira

Majaribio mengi hushindwa hapa, wala si kwenye leza. Chembe za semikondakta hupenda kushikana, na donge la chembe tano hunasika kwa urahisi kuliko chembe moja, hivyo kibano chenyewe hukuchagulia madonge. Tumia maji yaliyosafishwa na kuondolewa ayoni, yapitishwe kwenye kichujio cha mikrometa 0.2. Epuka chumvi, kwa kuwa chumvi huzima msukumano wa chaji unaozitenganisha chembe. Tikisa sampuli kwa mawimbi ya sauti kwa dakika kadhaa, izungushe kwenye mashine ya kutenganisha ili madonge yatue chini, kisha uchukue sehemu ya juu tu.

Punguza wingi wa chembe kuliko unavyodhani inafaa. Mililita moja ina mikrometa za ujazo trilioni moja. Ukitaka wastani wa chembe moja katika mchemraba wenye upande wa mikrometa 20, unahitaji chembe milioni 125 tu kwa mililita. Zikiwa nyingi zaidi, chembe ya pili itaingia kibanoni kabla hujamaliza kuipima ya kwanza.

Jua pia tabia ya kemikali ya chembe yako. Silikoni iliyokaa hewani hujivika ngozi ya oksaidi ya nanometa moja hadi mbili. Zinki oksaidi huyeyuka polepole katika maji yenye asidi. Kadimiamu salfaidi ikimulikwa ndani ya maji yenye oksijeni huliwa na mwanga, na mng'ao wake hubadilika mbele ya macho yako. Kadimiamu ni sumu: vaa glavu, na mabaki yake yaende kwenye chombo cha taka za kemikali, kamwe yasimwagwe kwenye sinki.

Chumba cha sampuli ni rahisi kukitengeneza: slaidi, vipande viwili vya utepe wenye gundi pande zote mbili, na kioo chembamba cha milimita 0.17 juu yake. Jaza kimiminika kwa kuacha kivutwe chenyewe kwenye upenyo, kisha ziba ncha zote mbili ili maji yasikauke wala kutiririka.

Hatua ya 4: Anza na kijipira cha plastiki

Usianze na semikondakta. Weka vijipira vya polistirini vya mikrometa 1, pandisha lenzi hadi kamera ionyeshe miduara ya mwanga wa leza ulioakisiwa na uso wa kioo, kisha ingia ndani ya maji mikrometa tano hadi kumi. Sogeza meza ya hadubini hadi kijipira kikaribie kitovu. Kitaruka kuingia na kutulia. Kikikataa, au kikinasika kwa upande huku kikisukumwa juu, tatizo karibu daima ni mwale usiojaza lenzi au usioingia katikati yake. Rekebisha hapa hapa, kwa maana kasoro inayovumilika kwa plastiki haitavumilika kwa silikoni.

Sasa pima ugumu wa kibano. Rekodi mtikisiko wa kijipira kwa kihisio cha robo nne kwa sekunde kadhaa, ukichukua makumi ya maelfu ya vipimo kwa sekunde, kisha chora jinsi mtikisiko unavyogawanyika katika frikwensi mbalimbali. Mchoro utakuwa tambarare katika frikwensi za chini na kuporomoka katika za juu, na pale unapokunja kona ndipo penye siri: ugumu wa kibano ni 2π mara frikwensi ya kona mara ukinzani wa maji. Kwa kijipira cha mikrometa 1 katika maji ya nyuzi 25, ukinzani huo ni takriban 8.4 × 10⁻⁹ kilogramu kwa sekunde, hivyo kona ya hezi 1000 inamaanisha ugumu wa pikonyutoni 0.053 kwa nanometa, na kijipira kitakuwa kinatikisika kwa karibu nanometa 9 kila upande. Thibitisha kwa njia ya pili: nishati ya joto ukiigawa kwa wastani wa mraba wa mtikisiko lazima ikupe ugumu uleule. Njia mbili zikitofautiana sana, usiendelee. Kumbuka pia kwamba karibu na kioo ukinzani wa maji huongezeka, na hesabu iliyopuuza hilo hutoa jibu lenye makosa bila dalili yoyote.

Hatua ya 5: Nasa semikondakta, na uthibitishe kuwa ni moja

Anza na makumi machache ya miliwati kwenye sampuli. Chembe ndogo hazionekani kwa taa ya kawaida ya hadubini, hivyo utazitambua kwa mwanga zinaoutawanya au kwa mng'ao wake. Chembe ikiingia, ishara ya kihisio hubadilika ghafla na kubaki katika kiwango kipya. Ikirushwa mbele kila mara, rudi kwenye hesabu ya mvuto na msukumo: tafuta chembe ndogo zaidi, au tumia miale miwili inayokabiliana ili misukumo ifutane, kama Ashkin alivyofanya mwanzoni.

Swali linalofuata ndilo gumu kuliko yote: je, umeshika moja au tatu? Angalia kama ishara ilipanda kwa ngazi moja au kwa ngazi kadhaa. Angalia upana wa rangi ya mng'ao, kwani donge huwa na rangi iliyotandazika. Kwa nukta kwanta, dalili bora ni kupepesa: nukta moja huzimika na kuwaka ghafla, kwa ukamilifu, wakati kundi hufifia tu kidogo. Nakataa kuamini kipimo kisichoonyesha angalau dalili mbili kati ya hizi.

Nanowaya zina tabia ya pekee. Waya iliyo ndefu kuliko kitovu husimama wima, ikielekea sambamba na mwale, na kwenye kamera huonekana kama nukta. Usiitumie kanuni ya ukinzani wa duara kwa umbo hilo. Njia salama kwa chembe yoyote ambayo umbo au ukubwa wake haujulikani ni kuitikisa meza ya hadubini kwa umbali na frikwensi unayoijua, na kusoma jinsi chembe inavyoitikia. Hapo ukinzani na ugumu hupatikana pamoja bila kukisia kipenyo.

Hatua ya 6: Pima mng'ao, kisha ukitilie shaka kipimo chako

Leza ya kuamsha, kwa mfano ya nanometa 405 au 532, iwe na nguvu ndogo sana, ya mikrowati tu. Weka vichujio viwili mbele ya spektrometa: kimoja cha kuzuia leza ya kuamsha, kingine cha kuzuia ile ya kunasa, ambayo ni kali kuliko mng'ao kwa viwango vingi mno. Kabla ya kupima chembe, rekodi giza tupu, kisha leza ya kunasa peke yake, kisha leza ya kuamsha peke yake, zote bila chembe. Baada ya hapo, chembe ikiwa kibanoni, ipime kwa leza ya kunasa peke yake. Mng'ao wowote utakaouona hapo ni kazi ya fotoni mbili.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi huliruka: pima rangi ya mng'ao kwa nguvu nne au tano tofauti za leza ya kunasa. Katika semikondakta nyingi pengo hupungua joto linapopanda, hivyo kilele cha mng'ao kikihamia upande wa wekundu kadiri nguvu inavyoongezeka, chembe yako inapata joto. Kwa risasi salfaidi na risasi selenaidi mambo ni kinyume, pengo huongezeka kwa joto. Chora kilele dhidi ya nguvu, uvute mstari hadi nguvu sifuri, na thamani ya hapo ndiyo unayopaswa kuiripoti kama sifa ya chembe isiyoguswa.

Ikiwa mhamo huo wa kilele bado ni mkubwa, zima na kuwasha leza hizi mbili kwa kupokezana, ili chembe ipimwe wakati mwanga wa kunasa haupo. Inawezekana kwa sababu chembe haikimbii papo hapo. Chembe yenye kipenyo cha nanometa 100 ikiachiliwa ndani ya maji husogea takriban nanometa 100 katika milisekunde moja, lakini karibu nanometa 22 tu katika mikrosekunde 50. Kwa vipindi vifupi kama hivyo kibano huirudisha kitovuni kila mara, nawe unapata mng'ao usioathiriwa na fotoni mbili. Joto ni suala jingine: eneo dogo kiasi hiki hupoa kwa kasi, hivyo sehemu kubwa ya joto la chembe huondoka ndani ya kipindi hicho, ila maji yanayoizunguka kwa upana hubaki na wastani wake.

Ukimaliza, usiiachilie chembe ipotee. Ishushe hadi iguse kioo kilichochorwa alama za gridi, ongeza chumvi kidogo ili ing'ang'anie hapo, andika namba ya mraba, kisha ukaushe kioo na kukipeleka kwenye hadubini ya elektroni. Utaona ukubwa na umbo la chembe ileile uliyoisikia ikitikisika na kuiona iking'aa, na hapo ndipo utakapojua kama ulikuwa umeshika moja.